Halua iliyogeuka bada

Swali limetoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Wete, Pemba, aliyeolewa Morogoro. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo. Mdogo wangu anaoa mwezi wa Shaabani na mimi nimejitolea kupika halua ya nikahi. Mara ya kwanza nilitumia unga wa muhogo wa sokoni, ikawa bada (ugali wa muhogo) yenye sukari. Mara ya pili nikatumia konflawa. Usiku ilipendeza, asubuhi naitoa kwenye friji imekuwa ngumu, ina ukungu mweupe, ukikata inavunjika. Mara ya tatu nikapata wanga wa muhogo wenyewe, lakini samli yote ikaelea juu, nikaichota nikaitupa. Nakosea wapi? Halafu mawifi zangu wananitania kwamba halua ni ya Waarabu, sisi Wapemba tumeiga tu. Niwajibu nini?"

Marahaba, dada yangu, na Mungu amjaalie mdogo wako ndoa ya kheri. Tuanze na jikoni, mawifi watasubiri.

Kosa la kwanza hulifanya watu wengi wa bara, kwa sababu sokoni hakuna anayekutenganishia vitu hivi viwili. Unga wa muhogo ni muhogo mzima uliomenywa, ukakaushwa makopa, kisha ukatwangwa au kusagwa. Ndani yake mna nyuzinyuzi na kila kilichokuwamo kwenye kiazi. Ukiutia kwenye maji ya moto unapata bada, ukiongeza sukari unapata bada tamu, na hata usonge mpaka alfajiri haitageuka halua. Wanga wa muhogo ni ile sehemu nyeupe tu inayotuama chini muhogo mbichi unapokunwa na kukamuliwa majini. Ujaribu kwa vidole: unga wa muhogo unakwaruza, wanga unateleza, ni mweupe pe, na ukiubana kwenye ngumi unalia kwa sauti ndogo.

Ukiukosa Morogoro, utengeneze. Chukua muhogo mtamu uliong'olewa jana au leo, menya, osha, ukune kwa kikunio chenye matundu madogo. Tia maji mengi, fikicha kwa mikono, chuja kwa kitambaa cha melimeli na ukamue mpaka makapi yabaki makavu. Maji yale yaache yatuame saa nne au tano. Yatagawanyika: juu maji yenye rangi ya vumbi, chini tabaka gumu jeupe linalong'ang'ania beseni. Mwaga ya juu, tia mapya, koroga, yaache tena; rudia mpaka maji ya juu yawe meupe ya kunywa. Ndipo utandaze wanga kwenye sinia juani. Kilo tano za muhogo hukupa kiasi cha kilo moja ya wanga, na muhogo ukiwa umekaa sana shambani hupungua. Mwenye haraka anaweza kutumia zile chembe nyeupe za sago zinazouzwa kwenye maduka ya viungo, maana siku hizi nyingi hutengenezwa kwa wanga huohuo wa muhogo. Zisage kavu kwenye mashine ya kusagia viungo, uchekeche.

Sasa konflawa. Huo ni wanga wa mahindi, na kosa lako hapo lilikuwa nusu tu, kwa sababu halua ya konflawa ipo na watu wanaila. Ila tabia yake ni nyingine. Wanga wowote umejengwa kwa minyororo ya sukari ya namna mbili: mirefu iliyonyooka, inayoitwa amilosi, na ile yenye matawi mengi, amilopektini. Ile mirefu ikipoa hujipanga upya, ikabanana na kusukuma maji nje, na hapo kitu huwa kigumu, hupata ukungu na kukatika. Katika wanga wa mahindi amilosi ni kama robo ya uzito wote. Katika wa muhogo huwa kati ya asilimia 17 na 20. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwenye sinia ndiyo inayoamua kama halua yako itavutika au itavunjika, kama itapitisha mwanga au itakuwa na mawingu.

Halafu ukaitia kwenye friji! Baridi ya friji, nyuzi chache juu ya sifuri, ndiyo hasa inayoharakisha kujipanga huko; ndiyo maana hata mkate na wali hukakamaa humo. Halua haitaki friji. Sukari yake ni nyingi kiasi kwamba maji yaliyobaki hayawatoshi vijidudu kuishi, na samli imekwisha kuizunguka. Ikipikwa ikaiva na ikafunikwa, hukaa kabatini wiki kadhaa bila neno. Chakula kinachosafiri namna hiyo bila barafu ni mali kwa mabaharia, na jambo hilo lina nafasi yake katika majibu ya mawifi.

La tatu halikuwa kosa la wanga, lilikuwa la haraka, na kuitupa samli ile ilikuwa hasara tupu. Samli hutoka juu mara mbili kwa sababu mbili zilizo kinyume. Ikielea mapema, katika dakika kumi au kumi na tano za mwanzo, ujue umeimimina yote kwa pamoja kabla wanga haujashika, nayo haikupata pa kujificha. Dawa yake ni kupunguza moto na kuendelea kusonga kwa subira. Mara nyingi hurudi ndani. Ikitoka mwishoni, pembezoni mwa sufuria, wakati halua imekwisha kung'aa na imeachana na chuma, hiyo ndiyo dalili ya kuiva anayoingoja kila fundi. Hapo unaichota kwa upole na kuiweka kwenye chupa. Ina harufu ya iliki na zafarani, na pilau utakalolikaangia vitunguu kwa samli hiyo wageni wataulizana.

Hayo ndiyo makosa. Kuhusu mawifi, usibishane nao kwamba halua ilizaliwa Pemba, maana watakushinda. Anza kwa kuwakubalia, kisha wapeleke mbali kuliko walikotaka kwenda, kwa sababu hata Waarabu wameikuta njiani.

Baghdad, karne ya 10, mtu aitwaye Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya mapishi ya makhalifa na wakubwa wa mji ule. Miongoni mwa vitamu vyake mna kimoja kiitwacho faludhaji: wanga, asali au sukari, mafuta na zafarani, vinasongwa motoni mpaka vinashikana na mafuta yanajitenga. Ukisoma maelezo yake unaona wazi sufuria ya halua, ingawa kati yake na Wete kuna miaka elfu moja na bahari nzima. Na faludhaji yenyewe ilitoka Uajemi. Wasimulizi wa Kiarabu husema kwamba kabla ya Uislamu, Abdallah bin Jud'an wa Makka, yule ambaye nyumbani kwake palifungwa mapatano ya Hilful-Fudhul, aliionja kwenye meza ya mfalme wa Waajemi, ikamkaa moyoni, akamchukua mpishi wa huko mpaka Makka ili awalishe watu wake. Kwa hiyo Makka nao waliiga. Kuanzia hapo ukoo ukatawanyika: Waturuki wana lokumu yao ya wanga na sukari, Wahindi wana halua za suji na za karoti, na nchi za kaskazini wana halua ya ufuta iliyokauka ambayo Mpemba akipewa atauliza halua yenyewe iko wapi.

Tawi letu ni la Oman. Huko wanga wake ulitolewa kwenye ngano iliyolowekwa na kukamuliwa. Sukari ilikuwa nyeupe au sukari guru iliyowapa halua nyeusi. Samli ya mifugo yao. Maji ya mawaridi yanayokenekwa Jabal al-Akhdar, ambako mawaridi huchumwa mwezi wa Aprili. Husongwa katika sufuria pana ya shaba juu ya kuni za mgunga, ambazo huchaguliwa kwa sababu moshi wake haunuki. Mgeni akiingia nyumba ya Mwomani, halua na kahawa hutangulia mazungumzo.

Pwani yetu ilikuwa na karamu zake kabla ya hapo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipakuliwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yenye achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Ameorodhesha mpaka achari. Halua hakuitaja. Ilifungamana na pwani hii baadaye, na Waomani: waliowatoa Wareno Muscat mwaka 1650, wakawatoa Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1698, na ambao sultani wao, Said bin Sultan, alihamishia makao yake Unguja mwaka 1840. Kila kaskazi ilipovuma majahazi yalishuka na tende, papa mkavu, chumvi na mazulia, na kila kusi ilipoanza yalirudi na boriti za mikoko, karafuu na pembe. Katika msafara huo walikuwamo watu waliojua kusonga halua.

Hapa ndipo inapokuja sehemu ninayoipenda mimi. Ngano haistawi Unguja wala Pemba. Joto na unyevu haviipi nafasi. Kilichokuwa kimejaa mashambani ni muhogo. Na muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazili, pamoja na mkorosho. Angalia mambo yalivyo: waliofukuzwa waliacha mazao shambani, na chakula cha waliowafukuza kikaja kupikwa kwa mazao hayo. Kufikia katikati ya karne ya 19 muhogo ulikuwa chakula cha kila siku cha watu wa kawaida Unguja, na wanga wake ndio ulioingia kwenye sufuria ya halua badala ya ngano, na korosho zikakaa pamoja na lozi. Iliki asili yake ni misitu ya Malabar, India ya kusini. Kungumanga ni mtoto wa visiwa vya Banda huko Indonesia, ingawa leo unaichuma mwenyewe mashamba ya Unguja. Samli nyingi ilishuka kwa majahazi kutoka pwani ya Wasomali.

Sukari nayo ina habari yake, isiyopendeza sana. Pangani, ng'ambo tu ya Pemba, bonde la mto lilijaa mashamba ya miwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na waliolima, waliokata na waliokamua walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyewasumbua Wajerumani mwaka 1888 na 1889 mpaka wakamnyonga, alikuwa mwenyewe na shamba la miwa huko. Halua ilipokuwa kwenye sinia za wakubwa, sukari yake ilipitia mikono ambayo haikualikwa kwenye nikahi. Nayasema haya kwa kuwa watu hupenda kuisimulia historia ya chakula chetu kama harufu ya viungo tu.

Na halua ya Oman haikuja kwetu peke yetu. Kusini mwa India, Tamil Nadu, kuna halua laini ya wanga wa ngano inayoitwa kwa jina la Muscat mpaka leo, nayo huipika kwa tui la nazi badala ya samli. Waislamu wa Sri Lanka nao wana ya kwao kwa jina hilohilo, yenye mafuta ya kuloanisha vidole, na huonekana kwenye harusi zao. Wote hao walifanya tulichofanya sisi: waliipokea, wakaangalia shambani kwao kuna nini, wakaibadilisha. Halafu Mapinduzi ya 1964 yakawapeleka Waunguja na Wapemba wengi Muscat na Dubai. Leo kuna nyumba Muscat ambazo bibi anaongea Kiswahili, anapika mandazi ya nazi asubuhi na halua jioni, na sidhani kama yeye mwenyewe anashughulika na ipi ya wapi.

Kwa hiyo waambie mawifi: ndiyo, jina ni la Kiarabu, ukoo ni wa Kiajemi, muhogo na korosho ni za Brazili, iliki ni ya Malabar, na mkono ni wa Wete. Wakicheka, waulize ugali wa sembe wanaoula kila mchana umetoka wapi, maana mahindi nayo yalivuka bahari kutoka Amerika kwa njia hiyohiyo ya Wareno. Utani una ruhusa ya kurudishwa.

Turudi motoni. Kipimo hiki ni cha nyumbani, kinatoa kiasi cha kilo moja, na kikombe ninachosema ni cha mililita 250. Wanga wa muhogo kikombe kimoja, ambao ni kama gramu 120. Sukari vikombe viwili na nusu, gramu 500. Maji vikombe vitano, viwili vya kuvurugia wanga na vitatu vya shira. Samli robo tatu ya kikombe. Juisi ya ndimu kijiko kimoja cha chai. Iliki iliyotwangwa kijiko cha chai kilichojaa, na kungumanga ya kukuna kidogo tu, kwa sababu ikizidi inaleta uchungu. Zafarani, nyuzi za kushika kwa ncha za vidole viwili, zilowekwe kwenye vijiko vitatu vya marashi mema ya kula. Lozi na korosho zilizokatwa, robo tatu ya kikombe kwa pamoja, ukipenda na ufuta uliokaangwa wa kunyunyiza juu.

Anza kwa kuunguza sukari vijiko vitatu katika sufuria nzito, bila maji, mpaka iwe rangi ya asali ya nyuki wadogo. Hiyo ndiyo itakayokupa ile rangi ya kahawia nyekundu. Wapo wanaotia rangi ya chakula, ya chungwa au nyekundu kabisa, hasa upande wa Mombasa, na mteja anaipenda. Mimi siitaki, kwa kuwa sukari iliyoungua inaacha na ladha, rangi ya kopo haiachi kitu. Ikifika rangi hiyo mimina maji ya moto taratibu huku umejitenga, maana itaruka. Tia sukari iliyobaki na ndimu, iache ichemke dakika tano. Ndimu si ya ladha. Asidi yake inaivunja sehemu ya sukari, na sukari iliyovunjwa huizuia ile nyingine isijikusanye ikawa chenga wiki ya pili.

Hapa pana mtego ambao hukuutaja, lakini utakutana nao. Usiiache shira ikawa nzito kabla ya kutia wanga. Sukari inapenda maji kuliko wanga unavyoyapenda. Shira ikiwa nzito sana, punje za wanga zinakosa maji ya kunywa, hazipasuki vizuri, na unasonga saa mbili halua ikibaki na ladha ya unga mbichi. Shira iwe nyepesi, wanga uvurugwe na kuchujwa usibaki na madonge, moto upunguzwe, kisha mkono mmoja unamimina na mwingine unakoroga bila kusimama.

Baada ya hapo utaona mambo kwa zamu. Kwanza ni maji meupe. Ghafla chini kunaanza kushika, mwiko unakuwa mzito, unaona madonge ya uwazi ndani ya weupe. Hapo wengi huogopa na kuzima moto. Usizime, songa kwa nguvu, yataungana. Katika dakika kumi hivi chote kimekuwa uji mzito unaopitisha mwanga. Sasa ongeza moto uwe wa wastani, na uanze samli: kijiko kimoja cha kulia, songa mpaka kipotee kabisa, ndipo kingine. Ukiona uso unateleza na mafuta yanazunguka pembeni, ngoja. Mapovu nayo yanabadilika. Mwanzoni yanapasuka kwa mlio mzito na kurusha matone, na matone ya sukari yanachoma kupita maji ya moto, kwa hiyo vaa kanzu ya mikono mirefu au zungushia kanga mkononi. Baadaye halua haina mapovu tena. Inanyanyuka yote kwa pamoja, inapasuka mistari, na ukiburuta mwiko unaona chini ya sufuria kabla haijarudi kufunika.

Kwa kipimo hiki tegemea saa moja mpaka saa moja na nusu. Mafundi wanaopika kwa sufuria kubwa, wakiwa na mwiko mrefu mfano wa kafi na kupokezana watu wawili, huchukua saa kadhaa. Ukitumia jiko la gesi, weka bamba la chuma au kikaango cha chapati chini ya sufuria ili moto usije mahali pamoja. Na usiongeze moto kwa sababu mkono umechoka. Halua iliyoungua chini haina dawa, harufu inapanda mpaka juu.

Kujua imeiva, dondosha kidogo kwenye sahani ya chuma, iache ipoe, ibonyeze kwa kidole. Ikirudi mahali pake na kidole kikatoka na mafuta tu bila kunata, tayari. Ikinata, bado ina maji. Ndipo utie zafarani na marashi yake, iliki na kungumanga, usonge dakika tano zaidi, kisha lozi na korosho, uzime. Viungo vikitiwa mapema harufu yote inaishia kwenye paa la jiko, wewe ukabaki na uchungu. Imimine kwenye sinia iliyopakwa samli au kwenye bakuli, nyunyiza ufuta na lozi, iache ipoe bila kufunikwa ili mvuke usije ukaidondoshea maji. Zamani ilitiwa kwenye vikapu vidogo vya ukindu, na bado utavikuta Unguja na Pemba. Ukindu unainyonya samli ya ziada, na kipande kinabaki kikavu nje, laini ndani. Ukipata mtu wa kukuletea vikapu kutoka Wete, mtume.

Kuhusu nikahi, hesabu yako ifanye hivi. Halua ya kuliwa na kahawa si ya kushibia. Mtu mmoja hula gramu 40 au 50, vipande viwili vya vidole. Kilo moja inatosha watu ishirini na ushei. Ukiwa na wageni mia moja msikitini unahitaji kilo tano, na kilo tano usizipike kwa sufuria moja ya nyumbani, mkono wako hautaweza kuisonga ikishika. Pika mara tano, kuanzia siku nne au tano kabla, maana halua ya siku ya tatu ni bora kuliko ya moto. Kahawa iwe chungu kweli, buni iliyokaangwa ikawa nyeusi, itoke kwenye mdila kwa vikombe vidogo, bila sukari hata chembe. Wakikuomba sukari vijana, wape tende.

Na wageni wakizidi mia mbili, agiza kwa fundi Pemba ije kwa boti siku mbili kabla, wewe ubaki na kilo zako mbili za nyumbani. Hizo ziweke mbele ya wazee na mbele ya mawifi.